Sapatu za Sufu za Kochkor

Kutoka Bishkek, mji mkuu wa Kirgizistani, hadi Kochkor ni mwendo wa kilomita zipatazo 200. Tulisafiri kwa gari dogo la abiria ambalo mama yeyote wa Kenya angelitambua mara moja: viti vimebanana, dereva anapiga muziki anaoupenda yeye, na mzee mmoja amepakata ndoo ya tufaha asiyotaka kuiweka chini. Wao huliita marshrutka, sisi twaliita matatu. Kwa muda wa saa moja hivi nchi ni tambarare, mashamba kila upande. Kisha milima inakaribiana na barabara inaingia katika korongo la Boom, mto Chu ukinguruma kando yake. Ukishatoka humo, kabla ya kulifikia ziwa kubwa la Issyk-Kul, unakata kwenda kusini, unalipita bwawa la Orto-Tokoy, na mbele yako linafunguka bonde pana lililozungukwa na vilele vyenye theluji. Sisi tuna Mlima Kenya mmoja na twauonea fahari. Wao wanayo safu nzima ya Tian Shan, na zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za nchi yao ziko juu ya mita 1,000.

Ilikuwa Oktoba. Majani yalikuwa manjano na nyasi zimekauka. Kochkor iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari, na sisi wa Ol Kalou, ambao tunaishi juu zaidi ya hapo, tumezoea kujisifu kwa baridi. Lakini sisi tuko karibu na ikweta. Kochkor iko mbali na ikweta na mbali na bahari yoyote, na usiku wa Januari kipimajoto huweza kushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi tuliyoamka huko, maji ya ndoo iliyoachwa uani yalikuwa yameota ganda la barafu. Sikujisifu tena.

Mume wangu alikuwa amepata kazi ya muda ya kufundisha katika chuo kimoja cha Bishkek, nami nikamfuata kwa majuma matatu, watoto wakibaki na mama yangu. Sikwenda kutafuta viatu. Kochkor tulikwenda kwa sababu mwalimu mwenzake, msichana mcheshi aliyekuwa mkalimani wetu, alitualika kwa shangazi yake anayetengeneza vitu vya sufu.

Kwa Wakirgizi huwezi kumwita kwa jina tupu mwanamke aliyekuzidi umri. Akiwa kama dada yako mkubwa utamwita "eje". Akiwa rika la mama yako utamwita "apa". Jambo hilo lilinifurahisha, maana nasi huku mtu mzima huitwa Mama Fulani mpaka jina lake mwenyewe likasahaulika. Basi mwenyeji wetu nitamwita Apa.

Apa alitupokea mlangoni kwa mikono miwili. Pale mlangoni, upande wa ndani, kulikuwa na rafu ya mbao yenye jozi kama kumi na mbili za sapatu, au slipa kama wengi wetu tunavyoziita, kubwa na ndogo, za kijivu, nyeupe na kahawia. Katika nyumba za nchi ile hakuna aingiaye na viatu. Unavua, mwenyeji anakupa sapatu, ndipo unakaribia chai. Mimi nilivua. Mpwa wake akavua. Mume wangu akasimama.

Hapa inanipasa kueleza jambo la nyumbani, nami naeleza kwa ruhusa yake. Miguu ya mume wangu hutoka jasho. Si jasho la mtu aliyetembea juani. Hulowa hata akiwa ameketi ofisini mwezi wa Julai. Soksi alizovaa alfajiri huwa mbichi kufikia saa nne asubuhi, na viatu vyake havidumu. Katika miaka kumi na tisa ya ndoa yetu nimemwona akikwepa nyumba zenye zulia. Tukikaribishwa kwa maneno yale ya kawaida, "karibuni, viatu tuviache hapo," yeye hukumbuka ghafla kwamba hakufunga gari. Ibada za nyumbani amezihudhuria akiwa barazani, na wako waliosema ana majivuno. Nimewasikia. Sikuwajibu, kwa sababu kumtetea kungekuwa kumtangaza.

Nami kama mke nimenunua poda, nimenunua soksi, nimesugua viatu kwa magadi. Hayo tungeendelea kuyabeba wenyewe, lakini kijana wetu wa pili, aliye kidato cha pili, ameanza kufanana na baba yake. Katika shule ya bweni anakosoma, wenzake walitupa viatu vyake nje ya dirisha usiku wa mvua. Hakuniambia yeye. Niliambiwa na dada yake.

Kwa hiyo mume wangu alisimama pale mlangoni, nami nilijua kwa nini. Apa alimtazama, akatazama viatu, akamwambia mpwa wake maneno machache. Msichana akasita kutafsiri. Mwishowe akasema, "Apa anauliza kama viatu hivyo ni vya plastiki ndani."

Vilikuwa hivyo. Nje vilionekana ngozi. Ndani vilikuwa na bitana ya plastiki, na soksi zilikuwa nailoni. Apa akachukua jozi kubwa ya kijivu kutoka rafuni, akaiweka mbele yake, akaingia ndani kupakua chai, ili mtu avue bila kutazamwa. Naliona hilo lilikuwa tendo la mtu mwenye akili.

Jasho lenyewe

Mama mwenzangu, tulipokuwa tukingoja maji yachemke, na baadaye kwa kuuliza daktari, nimejifunza mambo ambayo laiti ningaliyajua nilipoolewa.

Nyayo za binadamu zina tezi za jasho nyingi kuliko karibu sehemu nyingine yoyote ya mwili. Kwa miguu yote miwili hukadiriwa kuwa robo milioni. Kwa watu wengine mishipa ya fahamu huziamuru tezi hizo kufanya kazi kupita kiasi, kwenye nyayo, viganja au kwapani. Mara nyingi hali hii huanza utotoni au ujanani, na hurithiwa katika familia. Haitokani na uchafu wala na hofu tu, ingawa hofu huizidisha. Mtoto anayechekwa kwa sababu ya jasho atatoka jasho zaidi.

Jasho linapotoka halina harufu. Harufu huletwa na bakteria waishio juu ya ngozi, ambao hula chembe za ngozi iliyolainishwa na unyevu. Wapatie joto, giza na maji, yaani kiatu cha plastiki kilichofungwa tangu asubuhi hadi jioni, nao watastawi. Fangasi wa katikati ya vidole hupenda mahali hapo hapo. Miguu iliyolowa ikipata hewa haipati shida kubwa. Iliyolowa ikafungiwa ndiyo inayonuka na kuchubuka.

Hapo ndipo sufu inapofanya kazi yake. Unyuzi wa sufu kwa nje una magamba madogo mno yanayosukuma maji, lakini kwa ndani hupenda mvuke. Hunywa mvuke wa jasho hadi karibu theluthi moja ya uzito wake kabla ya mvaaji kuhisi kwamba imelowa. Jozi ya sapatu yenye uzito wa robo kilo inaweza basi kubeba gramu 80 za unyevu, ambazo ni kama theluthi moja ya kikombe cha chai, na mguu ukajiona mkavu. Nailoni hunywa kidogo sana, na poliesta karibu haionji kabisa. Pamba hunywa vizuri, lakini ikishalowa hugandamana na ngozi na kukaa baridi. Sufu ikiachwa usiku mahali penye hewa hutoa unyevu wote iliyoubeba, na asubuhi iko tayari tena. Sufu iliyoshindiliwa, kama ile ya Apa, ina matundu madogo kila mahali, kwa hiyo mvuke hupita hadi nje.

Sisemi kwamba ni dawa. Miguu ya mume wangu inatoka jasho leo kama ilivyotoka jana. Dawa ziko, na mwenye shida kubwa asione haya kumwona daktari: kuna maji ya kupaka yenye kloridi ya alumini, ambayo hupakwa usiku miguu ikiwa mikavu, na kuna matibabu ya kutumbukiza miguu katika maji yanayopitishwa umeme mdogo sana. Ukiona vishimo vidogo vidogo kwenye nyayo pamoja na harufu kali, ni bakteria, na kuna dawa ya kupaka. Na mtu mzima ambaye hakuwa na shida hii, kisha akaanza kulowa jasho mwili mzima usiku na kupungua uzito, huyo asitafute viatu. Aende hospitali upesi, maana huenda ni kifua kikuu au tezi ya shingo.

Maji ya moto na sabuni ya mche

Baada ya chai, mkate na boorsok, ambazo ni maandazi madogo yasiyo na sukari na ambazo nilikula zaidi ya heshima, Apa alitupeleka kwenye banda la nyuma. Nilitaka kuona jinsi kiatu kinavyopatikana bila uzi wala sindano.

Sufu yake hutoka kwa kondoo wa kaka yake. Hupenda ile inayokatwa vuli, mifugo ikiwa imeshuka kutoka malisho ya mlimani, kwa kuwa ni fupi na hushikana vizuri. Huioshwa, maana sufu mbichi ina mafuta mengi na vumbi, kisha huanikwa, huchambuliwa miiba kwa vidole, hupigwa kwa fimbo mbili hadi ifumuke, halafu huchanwa kwa brashi za meno ya waya. Alinipa fungu moja nishike. Ni kama kushika pumzi yenye joto.

Kisha akachukua karatasi ngumu ya plastiki iliyokatwa umbo la mguu, lakini kubwa kuliko mguu wenyewe kwa kama theluthi moja. Akatandaza juu yake tabaka nyembamba la sufu, nyuzi zikielekea upande mmoja. Juu yake tabaka lingine, nyuzi zikikata zile za kwanza. Na lingine, na lingine. Akafunika kwa kipande cha chandarua, akanyunyiza maji ya moto yenye sabuni ya mche, akaanza kusugua. Mwanzoni taratibu mno, kama anayempaka mtoto mchanga mafuta. Akageuza, akakunja kingo, akafanya vivyo hivyo upande wa pili, mpaka ile karatasi ikazikwa katikati ya sufu kama mkono ndani ya mfuko.

Mama aliyewahi kuchana nywele za binti yake baada ya juma la mapumziko anaelewa kinachotokea. Magamba ya nyuzi za sufu hufunguka kwa maji ya moto na sabuni, nyuzi zinasogeleana, magamba yanashikana, na kila msuguo unazidi kuzifunga. Ni jambo lile lile linaloiharibu sweta ya shule ukiifua kwa maji ya moto, nusu yake ikarudi kutoka kambani ikimtosha mdoli. Kile ambacho kwetu ni hasara, kwao ni kazi.

Sufu iliposhikana alizidisha nguvu. Akaikunja ndani ya mkeka wa matete, uitwao chiy, akaiviringisha kwa viganja na mikono hadi kwenye viwiko, akiinama kwa uzito wake wote. Nilijaribu. Baada ya dakika kumi nilikuwa nikihema, naye alikuwa akizungumza na mpwa wake habari za harusi. Mwisho alikata tundu la kuingizia mguu, akaitoa karatasi, akageuza kiatu nje ndani, akakivika kwenye kalibu ya mti yenye umbo la mguu, akakigongagonga kisigino na kidole hadi kikakaa. Kikakaushwa karibu na jiko siku moja na nusu. Soli ya ngozi hushonwa baadaye kwa mkono, na huo ndio mshono pekee. Sehemu inayogusa mguu haina mshono wa kusugua popote. Niliuliza kwa nini hatumii mpira, ulio rahisi. Akasema wapo wanaoutaka, naye huwatengenezea, lakini mwenye miguu kama ya mume wangu asipewe mpira, kwa kuwa utafunga chini kile ambacho sufu imefungua juu.

Sanaa hii ya kushindilia sufu, ambayo wao huiita kiyiz, ni ya kale katika nchi hizo. Katika makaburi ya Pazyryk, kwenye milima ya Altai iliyo kaskazini zaidi, waliokufa zaidi ya miaka 2,200 iliyopita walizikwa na mapambo ya kiyiz na hata soksi za kiyiz, na barafu ikazihifadhi. Wakirgizi walihamahama na mifugo, na sufu ilikuwa ukuta wa hema lao, zulia lao, kofia yao na kiatu chao. Mazulia yao ya aina mbili, ala-kiyiz na shyrdak, yaliandikwa na UNESCO mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka. Nia ni njema. Lakini orodha haileti kuni wala sufu, na sapatu, kwa kuwa ni kitu cha mlangoni, hazikutajwa hata huko.

Mwaka ule mambo yalipovunjika

Nilimwuliza Apa ni lini alianza kuuza. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ilikuwa mwaka ule mambo yalipovunjika.

Alikuwa karani wa hesabu katika shamba la ushirika la serikali. Kirgizistani ilipokuwa sehemu ya Umoja wa Kisovieti ilikuwa na kondoo na mbuzi wapatao milioni 10, na sufu yao ilikwenda viwandani. Agosti 1991 nchi ikawa huru. Mashamba ya ushirika yakavunjwa, viwanda vikafungwa, na Mei 1993 ikaja fedha mpya, som, wakati akiba ya watu ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 mifugo ile ilikuwa imeshuka chini ya milioni 4. Watu waliichinja wakala, au waliibadilisha kwa unga. Apa alipokea kondoo watano badala ya mshahara wa miezi mingi. Mumewe, aliyekuwa dereva wa trekta, hakupokea kitu. Watoto walikuwa watatu.

Bibi yake alikuwa amemfundisha kiyiz akiwa mtoto, naye alikuwa ameiacha kama mambo ya kizamani, maana viatu vilipatikana dukani. Majira yale ya baridi watoto hawakuwa na viatu vya ndani. Akawatengenezea. Jirani akaona, akaleta sufu yake na unga kidogo. Mama mwingine akaja. Hivyo ndivyo wanawake wengi wa Kochkor na vijiji vya Naryn walivyoanza, wengine peke yao, wengine kwa vikundi vilivyokusanya mazulia na kutafuta wageni wa kununua. Mji wenyewe una jina la kondoo dume, na pembe za kondoo dume ndilo pambo utakaloliona zaidi katika mazulia yao.

Sasa shida ni nyingine. Katika soko la Dordoi huko Bishkek, lililojengwa kwa makontena ya meli yaliyopangwa juu kwa juu, sapatu za kiwandani zenye manyoya bandia huuzwa kwa bei ya chini kabisa. Binti mkubwa wa Apa yuko Moscow, kama maelfu ya vijana wa nchi ile waliokwenda Urusi kutafuta kazi. Husafisha ofisi usiku. Fedha anazotuma kwa mwezi zinazidi zile ambazo mama yake hupata kwa sapatu kwa miezi miwili, na Apa alilisema hilo bila uchungu, kama mtu anayesoma daftari la hesabu. Mdogo hataki kujifunza. Mpwa wake, yule mkalimani, alitazama chini.

Apa alitaka som 1,200 kwa jozi, yaani kama dola 14. Jozi moja humchukua siku mbili ukiondoa kukausha. Sapatu za sufu za namna hiyo katika maduka ya Ulaya huuzwa zaidi ya dola 80, nami siamini kwamba tofauti yote ni nauli. Mume wangu hakupunguza bei. Mimi ni mtu wa soko, hupunguza hata bei ya sukuma wiki, lakini siku ile sikufungua mdomo.

Alimketisha mume wangu kwenye kigoda, akatandaza gazeti sakafuni, akamwambia asimame juu yake bila soksi, akazungusha penseli kuzunguka miguu yote miwili. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mume wangu akisimama miguu mitupu mbele ya watu wasio wa nyumbani mwetu. Apa alikuwa na bunda zima la magazeti ya namna hiyo juu ya kabati, yenye miguu ya watu wa miaka mingi. Mengine yalikuwa ya watoto ambao sasa wana watoto.

Ukizipata, na ukizipeleka nyumbani

Tahadhari moja kwa anayenunua popote. Si kila kinachoitwa sufu ni sufu. Chomoa unyuzi mmoja, uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua na huacha majivu yanayopondeka vidoleni. Cha bandia huyeyuka na kuacha kishanga kigumu. Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

Usizifue kwa maji ya moto. Umeshaona yatafanya nini. Maji baridi, sabuni laini kidogo, ukamue kwa kuzifunga ndani ya taulo, kisha uzijaze karatasi na kuzianika kivulini. Wala hazihitaji kufuliwa mara kwa mara. Zipigwe hewa kila usiku, mbali na kitanda, na mwenye miguu ya jasho awe na jozi mbili za kupokezana. Nondo hupenda sufu kuliko sisi, kwa hiyo ukiziweka kabatini zitikise, zianike kila mara, na uweke majani makavu ya mwarobaini au karafuu. Miguu yenyewe ioshwe jioni na kukaushwa katikati ya vidole, maana hakuna sufu itakayofanya kazi juu ya fangasi aliyeachwa.

Dada zangu wa Mombasa na Lamu, sitawadanganya. Kwenu mguu mtupu kwenye sakafu ya saruji, au kandambili, unapata hewa ya kutosha, na sapatu za sufu mwezi wa Februari zitakuwa adhabu. Maneno haya ni kwa sisi wa Nyandarua, Limuru, Molo, Njombe na Mbeya, ambao kwa ajili ya baridi hufungia miguu ndani ya raba na soksi za nailoni hata usiku. Wala usikimbilie kumkata sufu kondoo wa Kimaasai. Yule ni wa nywele, na nywele zake hazishikani vizuri. Lakini katika Nyandarua, Nakuru na Laikipia wako Merino na Corriedale, na maji ya moto tunayo, na sabuni ya mche tunayo. Nimeanza kujaribu kwenye beseni la kufulia. Jozi yangu ya kwanza inafaa kwa mtu mwenye mguu mmoja wa mtu mzima na mmoja wa mtoto.

Mume wangu sasa hubeba zake ndani ya mfuko wa kitambaa tunapokwenda kwa watu. Huvua soksi barazani, hupangusa miguu, huvaa, huingia. Mara ya kwanza mwenye nyumba alidhani amemletea zawadi.

Ya kijana tuliagiza tukiwa Bishkek. Mama yangu alimpima mguu kwa uzi na kunisomea kwenye simu: sentimita 27. Siku nne baadaye dereva wa marshrutka alitukabidhi furushi lililofungwa kwa gazeti, kama madereva wa matatu wanavyoleta mizigo kwetu. Apa alikuwa ameongeza sentimita moja, kwa kuwa mvulana wa umri ule bado anakua, na ndani alitia fungu dogo la sufu ya rangi ile ile. Mwalimu wa bweni aliziruhusu kwa sharti zivaliwe ndani tu. Zilipokuja likizo zilikuwa na tundu penye kidole gumba cha kulia. Kijana alisema wavulana wawili wa chumba chake wanauliza bei. Nikatoa lile fungu la Apa kabatini, nikachukua sindano, nikaziba.